Kinjeketile Bila Mto

Shuleni tulifundishwa habari za Kinjeketile katika vipindi vitatu, na mto haukuwepo hata kimoja. Mwalimu wa Kiswahili aliandika ubaoni: dhamira, wahusika, umoja, ukombozi. Wa historia akatupa 1905 na Wajerumani. Wa jiografia akatuchoresha Rufiji na mito inayoulisha, yaani Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, kisha akatuambia tukariri. Jamani, hakuna aliyetuambia kwamba maji ya ubao ule ndiyo maji ya ubao huu.

Juzi nimeirudia tamthilia hii ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969, safari hii nikiwa na ramani pembeni. Nimegundua tuliisoma nusu.

Angalia inavyoanza. Haianzi na bunduki wala hotuba. Wanaanza wanawake wanaozungumzia njaa, maana wanaume wako kwenye shamba la pamba la mkoloni. Darasani tuliruka hapo haraka, tukakimbilia "ukoloni" kwa sababu ndio ulioleta maksi. Lakini hapo ndipo bonde linapoongea. Pamba ilidai mikono ile ile ambayo chakula kiliihitaji. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya 1997 kuhusu Uzaramo, anaonyesha kwamba wanaume walipoondolewa mashambani, nguruwe mwitu walipata nafasi na wanawake wakabaki kupambana na njaa. Ukishajua hilo, wanawake wa Hussein hawatoi utangulizi tu. Wanatoa sababu ya vita.

Halafu yaje maji yenyewe. Kinjeketile anazama mtoni, anatoka na ujumbe wa Hongo, na watu waliokuwa wakidharauliana wanaanza kusikilizana. Tumezoea kuuliza: je, dawa ilikuwa uongo? Sawa, swali hilo ni la Hussein mwenyewe, na mwisho wa tamthilia unaliacha likiwaka. Ila kuna swali la kabla yake ambalo hatuliulizi: kwa nini maji, si jiwe, si hirizi? Kwenye historia, dawa ile ilikuwa maji pamoja na mtama na mafuta ya nyonyo. Ni vitu vya shambani na vya mtoni, vitu ambavyo Mmatumbi, Mngindo na Mrufiji wote walivijua kwa mikono yao. Umoja uliandaliwa na bonde kabla ya kuhubiriwa na mtu.

Sasa nimlaumu Hussein kidogo. Mto wake ni mlango wa mzimu, basi. Huoni mafuriko yanayopanda na kuacha udongo mweusi, huoni mahindi ya mlau yanayopandwa maji yakishapungua, huoni dungu ambalo familia hulala juu yake ikilinda mazao. Najua jukwaa lina mipaka, na alitaka tamthilia ya mawazo, si ya kilimo. Hata hivyo, kwa kuuondolea mto kazi zake za kila siku, amemrahisishia mwalimu mvivu kuufanya alama tupu ya mtihani.

Na mto haukuishia pale. Kinjikitile wa historia alinyongwa Mohoro, Agosti 1905. Baada yake mashamba yalichomwa, njaa ikaua kuliko risasi, na sehemu kubwa ya nchi ile baadaye ikawa ya wanyama, ndani ya hifadhi ya Selous. Mafuriko ya 1968 yakaipa serikali sababu ya kuwahamishia watu wa bondeni kwenye vijiji vya ujamaa, huko juu kusikofikiwa na maji. Tamthilia ilitoka katika kipindi cha uhamisho huo. Aprili 2024 maji yalifurika tena Rufiji na Kibiti, muda mfupi baada ya bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115, kuwasha mtambo wake wa kwanza. Watu wakabishana: ni mvua au ni bwawa?

Ubishi huo, ukiusikiliza vizuri, ni tamthilia ile ile. Nani ana haki ya kusema kwa niaba ya maji? Na anayeamini neno lake akizama, nani anajibu?

Mwanafunzi wa Kibiti aliyeona godoro la nyumbani kwao likielea ana majibu ambayo mimi, niliyesomea mbali na mto, sikuwa nayo. Mwalimu akimpa tena orodha ya dhamira akariri, atakuwa amemnyang'anya kitabu chake. Amwambie kwanza aeleze maji yalifika wapi ukutani. Kisha wafungue ukurasa wa kwanza, kwa wale wanawake wenye njaa, waanze kusoma.