Laeken: maua mazuri, jina la Congo

Wandugu wa promotion, nimeona foto zenu za Laeken, na ni nzuri. Sasa tuongee juu ya ile nyumba yenyewe.

Kila mwaka, mwezi wa nne kuingia wa tano, ikulu ya Laeken pale Bruxelles inafungulia watu nyumba zake za vioo kwa wiki kama tatu hivi. Watu wanapanga mstari juu ya maua ya printemps: azalea, kamelia, pelargonium, na fuksia zenye kuning'inia juu ya kichwa ukipita. Ile njia ya fuksia, kusema kweli, ni kazi ya ajabu. Siwezi kuwanyima watunza-bustani sifa yao.

Lakini mwenye kuchora nyumba ni Alphonse Balat, na mwenye kumtuma ni Léopold II. Kwetu iko watu wanapenda kusema kila kioo cha Laeken ni mpira wetu. Hapana. Ile Bustani ya Baridi, kubwa, yenye paa la duara, ilianza kujengwa 1874, miaka kumi na moja mbele ya État Indépendant. Tukikosea tarehe, wenye kutupinga watatucheka bure. Hesabu inabadilika kuanzia 1885: Nyumba ya Congo inakuja, kisha kanisa la chuma katika miaka ya 1890, wakati ule ule vijiji vyetu vinadaiwa mpira kwa bunduki.

Basi, ile Nyumba ya Congo. Jina ni letu. Lakini maua yenye watu wanafuata Laeken, azalea na kamelia, asili yao ni sana-sana Asia, fuksia, Amerika, pelargonium, Afrika ya Kusini. Kwa hiyo Congo pale ni jina na joto. Lile joto njo linanisumbua. Mtu mwenye hakukanyaga Congo ata siku moja alijijengea joto la kwetu pembeni ya nyumba yake, bila mbu, bila barabara mbaya, na zaidi ya yote bila watu. Na alifia kulekule Laeken, tarehe 17 desemba 1909, ndani ya Pavillon des Palmiers.

Ndugu moja aliandika kama Mkongomani mwenye heshima haingii pale. Sikubali. Tukikaa inje, wengine watatusomea ile nyumba vile wanataka. Mimi ninalaumu matembezi yenyewe: njia ni moja, unasukumwa ua kwa ua, macho chini, na vyuma vya Balat kule juu hakuna mwenye kuviangalia. Nilisimama kidogo tu, watu wa nyuma wakaanza kuguna.

Mkienda, muwaache wagune. Pigeni foto ya paa pia, si sura zenu na azalea tu, na chini yake muandike tarehe. Kwa ile kubwa ni 1874.