Sensa ya upepo wa tairi: ibadilishwe lini?

Taa ya upepo wa tairi kwenye dashibodi hutoa habari mbili tofauti, na dereva anayezichanganya huishia kununua sensa ambayo gari lake halikuihitaji. Ikiwaka na kutulia, upepo umepungua katika tairi mojawapo. Ikimetameta kwa dakika moja au zaidi gari linapowashwa, ndipo itulie ikiwa inawaka, mfumo wenyewe una hitilafu. Marekani iliulazimisha mfumo huu kwa magari madogo yote mapya kuanzia Septemba 2007, kufuatia ajali za Ford Explorer zilizovaa tairi za Firestone. Ulaya ilifanya vivyo hivyo kuanzia Novemba 2014.

Suala hili limetufikia kupitia magari ya mtumba. Kenya huruhusu kuingizwa gari lisilozidi miaka 8, na betri ya sensa hudumu kati ya miaka 5 na 10. Gari linashuka bandarini Mombasa betri zake zikiwa ukingoni. Betri hizo zimezibwa ndani ya sensa kwa gundi ngumu, kwa hiyo ikiisha betri, sensa nzima imekwisha.

Chukua gari la mwaka 2017 lililotoka Uingereza, taa yake inametameta kila asubuhi. Swali la kwanza ni kama lina sensa ndani ya magurudumu. Volkswagen Golf nyingi za Ulaya za miaka hiyo hazina: kompyuta hukisia upepo kwa kulinganisha kasi ya magurudumu, ikitumia vipimo vya breki za ABS. Hapo hakuna sensa ya upepo ya kubadilisha.

Kama sensa zipo, anza na geji. Pima tairi zote zikiwa baridi, ujaze kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Kisha fundi apitishe mashine ya kuamshia sensa karibu na valvu ya kila gurudumu. Sensa nzima hujibu kwa kutaja namba yake, kipimo cha upepo, na mara nyingi hali ya betri. Inayojibu lakini haitambuliwi na kompyuta ya gari inahitaji kusajiliwa upya tu, jambo la kawaida baada ya kubadilisha ringi. Inayojibu kwa kipimo kilicho mbali na geji imeharibika. Isiyojibu kabisa, hata baada ya kujaribiwa tena, ama betri imekwisha, ama ilivunjwa tairi lilipokuwa likitolewa kwenye ringi.

Valvu ikivuja, usikimbilie sensa. Mara nyingi kilichochoka ni mpira, nati au pini ya ndani, na vifaa hivyo huuzwa peke yake. Pini iwe ile iliyopakwa nikeli, kwa sababu pini ya shaba nyeupe ndani ya valvu ya alumini huota kutu na kuganda.

Ikithibitika sensa moja imekufa, amua kwa umri. Kubadilisha sensa kunahitaji tairi litolewe kwenye ringi na gurudumu lifanyiwe balansi upya, na gharama hiyo hurudi kila mara. Gari likiwa bado changa na sensa imevunjwa na fundi wa pancha, badilisha hiyo moja. Gari likiwa na miaka 7 au zaidi na tairi zimekaribia kuisha, badilisha sensa zote 4 siku ya kufunga tairi mpya, maana zilizobaki zina umri uleule. Kama tairi bado zina maisha marefu, badilisha iliyokufa sasa. Kungoja mwaka mzima ni hatari: taa ambayo tayari inawaka haiwezi kukuonya upepo utakapopungua kweli.

Kabla ya kulipa, hakikisha masafa yanalingana. Magari ya Ulaya hutumia megahezi 433, ya Japani na Marekani mara nyingi 315. Sensa ya masafa tofauti inaingia kwenye ringi vizuri kabisa, lakini gari halitaisikia kamwe. Na hadi siku ya kuibadilisha, pima upepo kwa geji kila wiki na kabla ya kila safari ndefu, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo hupata joto kupita kiasi na kupasuka likiwa kasini.