Je, Phoenix Ingepaa Tabora? Filamu ya Zamani na Hesabu Iliyorukwa

Kama unapenda kuunda ndege za modeli, itafute filamu ya mwaka 1965, The Flight of the Phoenix, ya Robert Aldrich. Ndege inaanguka Sahara, walionusurika wanaunda ndogo kutokana na mabaki. Mtaalamu wao, Dorfmann, kumbe anasanifu ndege za modeli! Wenzake wakishtuka, anawajibu kwamba kanuni ni zilezile, tena modeli inahitaji utulivu zaidi kwa kuwa haina rubani ndani wa kuirekebisha.

Ni kweli, ila nusu. Ikuze modeli yako mara mbili kila upande, kwa vifaa vilevile. Eneo la mabawa linakuwa mara 4, uzito mara 8. Kila kipande cha bawa kinabeba mara mbili, na kasi ya kupaa inapanda kwa karibu asilimia 41. Kanuni hazibadiliki, bei ndiyo inabadilika. Filamu inaonyesha vizuri uchovu na ubishi wa mafundi, lakini bei hii inairuka.

Sasa tuilete Tabora, takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Joto likiwa sawa, hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 13. Modeli ileile itataka kasi zaidi kwa asilimia 7 hivi, au mabawa makubwa zaidi kwa asilimia 15. Ukiongeza bawa, umeongeza uzito. Ukiweka betri kubwa ikae hewani muda mrefu, umeongeza tena. Ukisogeza uzito mbele itulie, inakuwa ngumu kugeuka.

Wapagazi wa Kinyamwezi, kati ya Bagamoyo na Ujiji, waliijua hesabu hii kwa mabega. Mzigo ulikuwa kilo 30 hivi. Nguo na shanga za kununulia chakula njiani zilihitaji mtu wa kuzibeba, na mtu huyo naye anakula! Betri yako ndiyo hiyo: inajibeba yenyewe kwanza.

Kwa hiyo itazame filamu, ni nzuri. Ila mwanafunzi wa Tabora aliyenakili vipimo vya pwani, modeli ikaanguka, asiambiwe hana kipaji. Aulizwe tu: hapa kwetu, unatoa nini ili upate nini?