Swali Fupi la Oprah

Mwaka 1976 kituo cha televisheni cha WJZ mjini Baltimore, Marekani, kilimwajiri binti wa miaka 22 asome taarifa ya habari ya saa kumi na mbili jioni. Oprah Winfrey hakukikalia kiti hicho hata mwaka mmoja. Alipotumwa kwa watu waliounguliwa na nyumba, amesimulia mwenyewe, alijikuta akilia pamoja nao na kuona haya kuwasogezea kipaza sauti. Wakubwa wa kazi hawakuutaka moyo wa namna hiyo kwenye habari. Mwaka 1978 wakamhamishia kipindi cha mazungumzo cha asubuhi, People Are Talking, na miongoni mwa wageni wake wa kwanza alikuwamo mfanyabiashara wa aiskrimu. Kipindi kilipokwisha alijua kwamba kazi yake ameipata.

Naipenda hatua hii kuliko mabilioni na tuzo zilizokuja baadaye. Kile ambacho chumba cha habari kilikiona udhaifu ndicho alichokwenda kukinoa miaka yote iliyofuata, mpaka kikawa ufundi.

Ufundi huo ni sauti na sikio. Sauti ilianzia Kosciusko, Mississippi, alikozaliwa mwaka 1954. Bibi yake, Hattie Mae Lee, alimfundisha kusoma akiwa mdogo mno, na mtoto akawa anasimama kanisani kughani aya za Biblia mbele ya watu wazima. Sikio lilipatikana kwa uchungu zaidi. Milwaukee, alikohamia kwa mama yake, alinajisiwa na watu aliopaswa kuwaamini, na akiwa na miaka 14 alijifungua mtoto ambaye hakuishi. Baba yake, Vernon, akamchukua Nashville, akambana kwa sheria kali na vitabu vya kusoma kila wiki. Aliyewahi kubeba siri nzito peke yake humtambua mapema mwenzake anayeibeba, na hilo linaonekana katika mahojiano yake mengi.

Januari 1984 alihamia Chicago kuendesha AM Chicago, kipindi cha nusu saa kilichokuwa mkiani. Mji ule ule ulikuwa wa Phil Donahue, bingwa aliyewazoesha Wamarekani kuona mtangazaji akitembea na kipaza sauti kati ya watazamaji studioni. Baada ya muda mfupi tu mgeni alimpita mwenyeji. Donahue alipenda hoja: unaonaje, unapinga kwa nini. Oprah aliuliza yaliyokupata, kisha akangoja. Tarehe 8 Septemba 1986 kipindi chake kikaanza kurushwa nchi nzima, na kilipofungwa tarehe 25 Mei 2011 kilikuwa kimetimiza vipindi 4,561. Hakuna kipaji kinachohimili idadi hiyo bila nidhamu ya fundi.

Nidhamu yenyewe inaonekana vizuri katika mahojiano yake na mwendesha baiskeli Lance Armstrong, Januari 2013. Kila anayejifunza kuhoji huambiwa aepuke maswali ya ndiyo au hapana, kwa sababu humpa mgeni nafasi ya kufunga mdomo. Oprah alianza na hayo hayo. Armstrong alikuwa amekana kwa miaka mingi kwamba alitumia dawa zilizokatazwa, tena alikuwa hodari wa maelezo. Ukimpa swali pana, atakupa hotuba. Kwa hiyo akaulizwa kama aliwahi kutumia dawa hizo. Ndiyo. Je, mojawapo ilikuwa EPO? Ndiyo. Aliongezewa damu? Ndiyo. Testosteroni? Ndiyo. Na katika ushindi wake wote saba wa Tour de France? Ndiyo. Uongo wa miaka mingi ukaanguka katika dakika chache, bila sauti kupandishwa, bila tusi. Maswali mapana ya kwa nini na ilikuwaje yakaja baada ya hapo, mgeni akiwa hana tena ukuta wa kujificha nyuma yake. Mpangilio huo haukuja kwa bahati. Mtu aliyesoma faili lote ndiye anayeweza kuuliza kwa ufupi hivyo.

Machi 2021, alipoketi na Meghan Markle, alifanya kinyume kabisa. Meghan aliposema kwamba ndani ya familia ya kifalme ya Uingereza, alikoolewa, palikuwa na mazungumzo kuhusu rangi ya ngozi ya mtoto wake kabla hajazaliwa, Oprah alitamka neno moja tu la mshangao: nini? Halafu akanyamaza. Mtangazaji mwingine angekimbilia kutoa maoni yake juu ya ubaguzi, na angekuwa na haki. Yeye aliuacha ule ukimya ukae hapo, dunia nzima iusikie, ndipo akauliza ni nani aliyekuwa akiyasema hayo.

Ufundi huu una hatari zake, naye alizionja. Mwaka 1988 aliwaalika vijana wabaguzi wa rangi, akidhani kuwahoji hadharani kutawaumbua. Katikati ya kipindi aliona wanavyopeana ishara, akatambua kwamba wao ndio wanaomtumia. Tangu hapo, kwa maelezo yake, hakutaka tena jukwaa lake liwe mali ya chuki. Namheshimu kwa hilo, kwa sababu sikio lililo wazi kwa kila mtu halitoshi. Mwenye kipindi anapaswa pia kujua nani wa kufungiwa mlango.

Amesimulia mara kadhaa kwamba kamera zikizimwa, karibu kila mgeni humgeukia na kumuuliza: nimefanya vizuri? Wameuliza marais wa Marekani, ameuliza Beyoncé, wameuliza watu wasiojulikana na yeyote. Wote wanataka kujua kama wamesikika. Nadhani alilijua hitaji hilo hata kabla ya mgeni kuketi, na ndiyo maana maswali yake ni mafupi: nafasi yote iliyobaki ni ya mgeni.

Vituo vyetu vya Dar es Salaam na Nairobi vina vipindi vingi vya mazungumzo, na wanawake wenye vipaji wanaoviongoza wapo. Mara nyingi mno, hata hivyo, swali huwa refu kuliko jibu, na mgeni hukatwa pale pale anapoanza kusema la maana. Nawaomba watayarishaji wawape watangazaji hao muda wa kumsoma mgeni kabla hajafika studio, na akifika, aachwe amalize sentensi yake.