Chryssalid na Vipimo vya Adui Bora katika Magemu ya Zamu

Adui katika gemu la mbinu linalochezwa kwa zamu hupimwa kwa jambo moja kabla ya mengine yote: akishaonekana uwanjani, mchezaji analazimika kuacha mazoea gani? Uhai mwingi na pigo zito peke yake havitoshi. Adui mwenye uhai 30 anayepigwa risasi zilezile, kutoka nyuma ya kuta zilezile, kwa mpangilio uleule uliommaliza mwenye uhai 5, amerefusha pambano tu. Adui bora anauliza swali ambalo jibu la pambano lililopita halilitoshelezi.

Anayefaa kuchunguzwa kwa karibu ni Chryssalid wa mfululizo wa X-COM. Alianza mwaka 1994 katika UFO: Enemy Unknown, gemu lililobuniwa na Julian Gollop na wenzake wa Mythos Games nchini Uingereza na kutolewa na MicroProse. Akarudi mwaka 2012 katika XCOM: Enemy Unknown ya Firaxis Games, ambayo mbunifu wake mkuu alikuwa Jake Solomon, kisha mwaka 2016 katika XCOM 2. Kiumbe huyu hana bunduki wala bomu. Ana makucha, na ana mbio. Katika matoleo mawili ya kwanza, akimuua binadamu, maiti inainuka ikiwa zombi, na ndani ya zombi huyo mna Chryssalid mwingine.

Uzito wa ubunifu huu unaonekana ukiangaliwa usalama wa kawaida wa askari katika magemu haya. Askari anajibanza nyuma ya ukuta au gari, risasi nyingi zinamkosa, naye anajibu polepole. Kwa Chryssalid ukuta hauna maana, kwa sababu hafyatui chochote. Kinachohesabika ni idadi ya miraba iliyobaki kati yake na askari. Yule anayetangulia mbele, ambaye katika mapambano mengine ndiye macho ya kikosi, sasa ndiye wa kwanza kupotea. Kupotea kwake nako kuna hasara mbili: kikosi kimepungukiwa mtu, na upande wa pili umeongezewa mmoja.

Katika gemu la 2012 kila askari ana vitendo viwili kwa zamu, na maadui hukaa kimakundi mpaka waonwe. Wakionwa tu, wanapewa mwendo mmoja wa bure papo hapo. Mchezaji anayemsogeza askari wake wa mwisho, kwa kitendo chake cha mwisho, akawafumania Chryssalid watatu, hana tena la kufanya: wanakimbia mwendo wao wa bure, zamu inageuka, na wanafika. Aliyewafumania kwa kitendo cha kwanza cha zamu bado ana kikosi kizima cha kujibu, na atakihitaji. Kwa kiwango cha kawaida cha ugumu Chryssalid ana uhai 8, na bunduki ya kuanzia inatoa kama 3 kwa risasi, hivyo mmoja tu anakula risasi tatu zisizokosa. Hakuna maandishi kwenye kioo yanayomwambia mchezaji apeleleze mwanzoni mwa zamu na kujipanga mwishoni. Adui mwenyewe anafundisha, na somo hilo linabaki likitumika dhidi ya kila kiumbe kingine. Hiki ndicho kipimo cha juu kabisa, na ni maadui wachache wa magemu haya wanaokifikia.

Kipimo kinachofuata ni namna adui anavyofungamana na kazi iliyompeleka mchezaji uwanjani. Chryssalid wa 2012 hukutwa hasa katika misheni za ugaidi, ambako raia 18 wametawanyika mjini na wanapaswa kuokolewa. Kila raia asiyefikiwa ni Chryssalid wa kesho. Kuokoa na kujilinda vinakuwa kazi moja, na haraka inaingia bila saa yoyote ya kuhesabu kuwekwa kwenye kioo. Adui ambaye angeweza kuhamishiwa misheni yoyote bila tofauti kuonekana hajafika hapo, hata akiwa mkali kiasi gani.

Zombi anastahili kupimwa peke yake, maana hapo matoleo mawili yanaachana. Mwaka 1994 zombi akiuawa kwa risasi za kawaida, Chryssalid anatoka mzima ndani yake, kwa hiyo kummaliza ni kufungua pambano la pili. Mwaka 2012 zombi akiwahiwa, habari yake inakwisha. Akiachwa zamu chache ndipo anapasuka. Toleo la zamani linatisha zaidi. La 2012 ni bora kama swali: zombi anakuja taratibu, wenzake wako mbioni, risasi ni chache, na mchezaji lazima achague kati ya hatari ya sasa na hatari ya zamu tatu mbele. Uchaguzi wa namna hii ndio uhai wa gemu la zamu. Kutisha kunachakaa kwa mazoea, lakini uchaguzi unarudi upya kila mara.

Adui bora pia husomeka. Ulinganisho mzuri ni Into the Breach, gemu la mwaka 2018 la Justin Ma na Matthew Davis wa Subset Games, linalochezwa kwenye ubao wa miraba 8 kwa 8. Humo viumbe wanaoitwa Vek hutangaza shambulio lao kabla ya zamu ya mchezaji, kila mmoja akionyesha mraba atakaoupiga. Firefly anayelenga jengo akisukumwa mraba mmoja kando bado atafyatua upande uleule, ila kutoka mahali papya, na huenda akampiga mwenzake. Leaper ana uhai 1 tu, lakini pigo lake ni 3, na humnasa anayemshambulia asiweze kuondoka. Hao hawafichi kitu, na bado wanatoa jasho. Ugumu unaotoka kwenye fikra ni wa daraja la juu kuliko ugumu unaotoka kwenye kushtukizwa.

Kwa kipimo hiki Chryssalid wa 2016 anashuka. Umbo lake bado linatambulika kwa mbali, lakini amepewa uwezo wa kujifukia ardhini na kuibuka askari akipita karibu. Aliyejipanga vizuri anaadhibiwa sawa na aliyezembea, na swali la umbali, lililokuwa kiini cha adui huyu, linafifia. Maiti nazo zinageuka vifuko vinavyoweza kutoa Chryssalid hadi watatu. Wazo hilo ni zuri, kwani kifuko kinakaa mahali pamoja, kinaonekana, na kinaweza kupigwa mapema.

Majibu ya adui yahesabiwe, na bei ya kila jibu iangaliwe. Adui mwenye jibu moja ni kufuli linalosubiri ufunguo wake. Akishapatiwa ufunguo, hachezwi tena. Mwaka 1994 majibu yalikuwa kadhaa. Suti za kuruka ziliwaweka askari juu, makucha yasikofika, lakini zilipatikana baada ya utafiti mrefu. Kifaru kidogo hakiwezi kugeuzwa zombi, lakini katika ndege ya Skyranger kilichukua nafasi ya askari wanne kati ya 14. Mwaka 2012 askari wa shambulio alijifunza kumpiga risasi papo hapo adui yeyote anayemkaribia, lakini faida hiyo ilimtaka asimame karibu na makucha. Katika XCOM 2 askari wa panga mwenye ujuzi wa Bladestorm anawakata Chryssalid wanapofika, mmoja baada ya mwingine, na hapo jibu limekuwa rahisi mno.

Wenza wa adui hupimwa kwa haraka zaidi. Chryssalid akiwa peke yake kwenye uwanda mpana anadhibitika kwa kurudi nyuma huku kikosi kikifyatua. Akija na wenye bunduki, kama alivyokuja na Snakeman mwaka 1994, kurudi nyuma kunamaanisha kuacha kinga mbele ya mitutu. Majibu mawili ya mchezaji yanapingana, na kila adui anamnoa mwenzake bila kuongezewa hata uhai mmoja.

Mwisho ni umri wa adui ndani ya kampeni, na hapa Chryssalid wa 2012 ana kasoro ya kweli. Silaha za plasma zikishapatikana anaangushwa kwa risasi moja au mbili, na hofu inaisha. Dawa ya kivivu ni kumwongezea uhai. Enemy Within, nyongeza iliyotoka mwaka 2013, ilimrudishia makali kwa njia nyingine: kijiji cha wavuvi huko Newfoundland, mzoga wa nyangumi uliojaa Chryssalid, na kikosi kinachopaswa kuita ndege za mabomu kisha kukimbia kurudi kwenye Skyranger huku wengine wakiendelea kutoka. Bunduki za plasma bado zinaua upesi kama kawaida. Lakini kila askari anayesimama kufyatua anapoteza mwendo wa kumfikisha ndegeni, na umbali unarudi kuwa ndio hesabu ya pambano, safari hii ukipimwa kutoka mgongoni.