Dripu au vidonge? Tuusome utafiti wa OVIVA bila haraka

Fikiria umevunjika mguu, ukawekewa chuma, halafu kidonda kikaanza kutoa usaha. Unarudi chumba cha upasuaji, mfupa unasafishwa, kisha unaambiwa: wiki sita za antibayotiki za mshipa. Wiki sita! Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa karibu sheria. Hoja yenyewe inaeleweka: mfupa uliokufa haufikiwi na damu, na bakteria hujenga utando juu ya chuma wakajificha humo. Basi dawa ipitie mshipani ili iwe na nguvu. Sawa, lakini nani alipima?

OVIVA walipima. Watu wazima 1,054 katika vituo 26 vya Uingereza waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu dawa ya mshipa, nusu ya kumeza, kwa wiki sita za mwanzo. Matokeo yalitoka Januari 2019 katika New England Journal of Medicine. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilishindwa kwa asilimia 14.6 ya kundi la mshipa na asilimia 13.2 ya kundi la kumeza. Mirija ya mshipani ilileta matatizo kwa asilimia 9.4 dhidi ya 1.0.

Utafiti huu naupenda. Swali lake ni la mgonjwa halisi, na watu wengi walifuatiliwa hadi mwisho. Wagonjwa na madaktari walijua nani anapata nini, ndiyo, ila kamati iliyoamua kama tiba imeshindwa haikujua. Wengine wanalalamikia mpaka waliojiwekea, yaani kukubali vidonge viwe vibaya zaidi kwa hadi pointi 7.5. Kweli ni mpana. Lakini tofauti iliyopatikana, hata ukiipima kwa ukali, haifiki pointi 3 dhidi ya vidonge. Hapo wamepita.

Tatizo langu ni jinsi tunavyousoma. Utasikia mtu anasema, "vidonge vinatosha mfupa." Hebu ngoja. Vidonge gani? Dawa zilichaguliwa na wataalamu wa maambukizi, kwa kuangalia bakteria aliyeoteshwa maabara pale alipopatikana. Wengi walikuwa wameshafanyiwa upasuaji. Na rifampisini, iliyotumika sana, haipewi peke yake: bakteria huizoea upesi, tena inagongana na dawa nyingine, zikiwemo baadhi za VVU. Ukiondoa maabara, kisu na mtaalamu, ukabaki na kidonge cha kubahatisha kutoka duka la dawa, hiyo si OVIVA tena. Watoto nao hawakuwemo, wala hatuwezi kumhesabu humo mtoto mwenye selimundu ambaye mfupa wake umeshambuliwa na salmonela.

Halafu mwaka mmoja ni mfupi. Usaha wa mfupa unaweza kulala miaka mingi, kisha ukaamka.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni kitu ambacho mjadala wa dripu na vidonge unakiruka. Tazama tena zile namba. Katika makundi yote mawili, karibu mtu mmoja kati ya saba alishindwa, tena kwenye hospitali zenye kila kitu. Njia ya kuingizia dawa haikumwokoa. Kwa hiyo ukikutana na utafiti mwingine wa aina hii, usiulize tu dawa ilipita wapi. Uliza mfupa mfu uliondolewa vizuri kiasi gani, na lini.