Mkono wa Ridhimu

Arusha iliwahi kuwa na bendi ambayo mji haukupata hata muda wa kuizoea. Mwaka 1970 ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, waliokuwa wakipigia Jamhuri Jazz kule Tanga, walikuja huku chini ya Mlima Meru wakaanzisha Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walikuwa wameshahamia Kenya, na huko wakajiita Simba Wanyika. Sisi tukabaki na jina, wenzetu wakabaki na muziki.

Hilo neno jazz lisikusumbue. Atomic Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Nuta Jazz, wote walipiga rumba na chacha zilizochanganyika na ngoma za nyumbani. Jazz ilikuwa kama tai shingoni, alama ya kwenda na wakati. Lakini jambo moja walikuwa nalo sawasawa na wenye jazz yao. Duke Ellington, kiongozi wa bendi kule Marekani, kwenye karatasi za muziki aliandika majina ya wapigaji wake badala ya majina ya ala. Hakutungia saksafoni, alimtungia Johnny Hodges. Na mwaka 1962, akiwa na miaka 63, aliingia studio na mpiga saksafoni John Coltrane, ambaye siku hizo alikuwa akiwachanganya wasikilizaji wengi kwa umbali aliokuwa akiupeleka muziki. Mzee hakumvuta kijana arudi nyuma. Alibonyeza piano mara chache tu, akamwachia nafasi.

Kuacha nafasi ndiyo kazi ya mpiga gitaa la ridhimu, na yeye ndiye ninayemsifu hapa. Mpiga solo ana watu wake. Wanapanda jukwaani kumbandika noti kwenye paji la uso. Wa ridhimu hatunzwi. Amesimama karibu na ngoma, shati limelowa, na akikosea ndipo wanapomtazama.

Mzee mmoja wa Ngaramtoni, aliyepigia bendi za baa ujanani, alinionyesha kazi hiyo kibarazani kwake siku ya mvua, Meru yenyewe haionekani. Gitaa lake lilikosa uzi wa kwanza. "Huo ni wa solo," alisema, "mimi sina shida nao sana." Mkono wa kushoto aliupandisha juu shingoni mwa gitaa, wa kulia ulitumia gumba na kidole cha shahada basi. Hakukung'uta nyuzi zote kwa pamoja. Alizidonoa mmojammoja, wa chini, wa juu, wa kati, kisha kiganja kikazigusa kidogo, sauti ikafa kabla haijakua. Kile kifo kidogo ndicho kinachomnyanyua mtu kitini. Akarudia vilevile, bila kubadili chochote, labda dakika tano. Nilipokuwa nakaribia kuchoka nikagundua kichwa changu kinatikisika chenyewe.

Kiongozi wa bendi mwenye masikio humjua mtu wa namna hii mapema. Wengine humjua akishaondoka. Mwaka 1978 Omar Shabani, mpiga ridhimu wa Simba Wanyika, aliondoka pamoja na mpiga besi Tom Malanga na wenzao kadhaa, wakaunda Les Wanyika, na John Ngereza akajiunga nao. Sisemi ndugu wa Kinyonga hawakumthamini. Bendi yao haikufa, iliendelea kurekodi miaka mingi baadaye. Ila sikiliza wimbo wa Sina Makosa wa hao walioondoka. Besi inasema neno moja, inanyamaza. Ridhimu inapita katikati ya ule ukimya, haiujazi, inaupima tu, na mwimbaji anapata pa kukanyaga. Watu walimwita Shabani Profesa, na kwa mtu wa ridhimu hicho ni cheo adimu.

Nilimuuliza yule mzee mbona hakuwahi kuhamia solo, maana vidole anavyo. Akacheka. Akasema haya, solo iko kwako, ipige kwa mdomo. Akaanza kudonoa. Nami nikaingia, ti-ri-ri, ti-ri-ri, nikanogewa, nikaanza kupandisha. Mkono wake haukuongeza mwendo hata kidogo. Mara nikajikuta niko mbele peke yangu, sijui pa kurudi.

"Unakimbia wapi, mwanangu?" alisema, bila kuacha kupiga. "Nipo hapa. Ingia tena."